Shofere wa Mashini za Marekani

Harufu ya makaa ya mawe yaliyolowa mvua ndiyo harufu ya baba yangu. Alikuwa shofere wa treni kule Kalemie, mji uliokuwa bado ukiitwa Albertville. Watu wa reli wakisema shofere, ni yule anayelisha moto kwa koleo. Anayeendesha wanamwita mashinisti. Mjini, shofere ni mwendesha gari mwenye shati jeupe. Mimi shuleni nilisema baba ni shofere, nikaishia hapo. Wenzangu wakamvalisha shati jeupe wao wenyewe, nami nikawaacha.

Mashini zile za kuvuta treni zilitoka Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tano, za mfano mmoja, na baba aliziita mtu na dada zake. Alijua habari zao kuliko za ukoo wetu: ipi ilishuka kwanza melini, ipi ilipasuka tangi la mvuke, ipi ilifunguliwa vyuma ili dada zake wapone. Akirudi kazini alinisimulia huku akisugua mikono kwa sabuni na mchanga. Haikutakata.

Msimu ule wa mvua, nikiwa na miaka tisa, nilisahau kitabu nyumbani. Baba alikileta shuleni akitoka moja kwa moja kwenye moto, kitabu kakifunika kwa kofia yake, mwenyewe mweusi mzima kwa makaa.

“Huyu katoka ndani ya chungu?” akauliza Feza, rafiki yangu. Wakacheka.

Nikasema, “Ni mtumishi wa baba.”

Baba alisikia. Alinipa kitabu kwa mikono miwili, akainama kidogo. “Baba yako amenituma, dada.”

Hakunigombeza, siku hiyo wala baadaye. Ila habari za mashini zilikoma. Ya mwisho ilipozimwa moto, zikaletwa za mafuta, mimi nilisikia kwa jirani. Baba amezikwa sijamwomba msamaha.

Uzeeni nikawa nasafisha treni hapa Stockholm, Uswidi. Siku moja, kituo cha Märsta, nilishuka na mfuko wa taka, koti limechafuka, nikamwona mjukuu wangu Neema jukwaani na darasa lake. Niliinamisha uso nimpite, nisimtie aibu.

“Mormor,” akaita, yaani bibi. Akawaambia wenzake kwa Kiswidi kwamba treni hii yote anaisafisha bibi yake, akashika upande mmoja wa mfuko tukabeba. Ana miaka tisa.

Nikamwambia baba yangu alikuwa shofere.

“Wa basi?”

“Hapana,” nikasema. “Wa moto.”