Gari Limeshasema

Mtu akipuliza maikrofoni kabla ya kusema, ile fuu, fuu ya kujaribu kama inasikika, hata leo mimi hujikuta nimeinamisha kichwa. Juzi ilinitokea sebuleni kwangu hapa Kilifi. Mume wangu Fuad ana maradhi ya mashindano ya baiskeli ya Ulaya. Huyatazama kwenye simu, sahani ya mahamri iko pajani, na wiki nzima yeye na wenzake wa kazini hubishana kwa jumbe za sauti: timu fulani itampeleka mmaliziaji gani, yule kijana mpya anayesifiwa kila pahali, au yule wa zamani asiye na makeke. Mashindano yenyewe hayajaanza, hakuna aliyekanyaga pedali, na tayari kijana mpya ameshakuwa risasi, ameshakuwa umeme. Ndipo mtangazaji mmoja akapuliza maikrofoni yake, fuu, fuu, nami nikainama. Fuad akaniuliza nimeangusha nini.

Ngoja niwaambie nyinyi.

Baba yangu, Athmani, alikuwa na gari la matangazo pale Malindi. Kilikuwa kigari cha buluu kilichopauka kwa jua na chumvi, juu yake kimefungwa spika mbili za bati. Ndani kilinuka petroli, waya zilizoungua, na karafuu alizokuwa akizitafuna ili koo lisikauke. Alitangaza arusi, mikutano, chanjo za watoto, bei mpya za magodoro. Lakini kazi iliyompa heshima ilikuwa ya misiba. Mtu akifa, jamaa zake walikuja kubisha kwetu, na Baba hakuwatoza kitu. Ila hakuwasha spika mpaka aende kwanza nyumba ya msiba, avue viatu, aone kwa macho yake. Tukianza kupita mitaani, muuza samaki aliteremsha karai jikoni na fundi wa cherehani akasimamisha mguu. Hakuna aliyeuliza kama habari ni kweli. "Gari limeshasema," waliambiana, na kila mtu akaenda kutafuta kanzu yake.

Kazi yangu ilikuwa kitufe cha sauti. Nilikuwa na miaka tisa, nikikaa mbele kando ya Baba, nikipandisha sauti penye kelele za soko na kuishusha tupitapo msikitini. Nilijiona malkia. Watoto wa Shela, mtaa wetu, walilikimbilia gari wakiniita, nami nikijitia sikuwasikia.

Kila mwaka shule zikifungwa mwezi wa nane, mitaa yetu na vijiji vya jirani vilishindana kwa baiskeli kutoka Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, kupitia Gongoni na Mambrui, kuvuka daraja la Sabaki mpaka kuingia mjini. Wakati huo ni wa kusi, na upepo wa kusi njia nzima uko usoni. Kwa hiyo kila mtaa ulitoa vijana wanne. Watatu walikuwa wa kukinga upepo. Wa nne, mmaliziaji, alijificha nyuma yao njia yote, akatoka kipande cha mwisho tu na nguvu zake zote. Aliyeshinda alipewa baiskeli mpya. Na palikuwa na miiko miwili. Wa kwanza, wakinga upepo hawampiti mmaliziaji wao, hata iweje. Wa pili, mmaliziaji akishateuliwa hulishwa na mtaa: kila usiku nyumba moja humpikia, na akishakula hawezi kuondolewa tena, maana ni sawa na kumrudisha mgeni mlangoni.

Kumteua ilikuwa kazi ya wazee, barazani kwa Mzee Bwanaheri, wakati wa kahawa ya jioni. Walibishana kwa raha kuliko walivyobishana siasa. Mwaka huo majina yalikuwa mawili. Kulikuwa na Mbarak, mpwa wake Baba, mwana wa shangazi yangu: mrefu, mzuri, baiskeli yake yang'aa, miwani ya jua hata jua likichwa. Na kulikuwa na Karisa, kijana wa Kigiriama aliyepanga chumba mtaani kwetu, akibeba abiria kwa baiskeli ambayo hata haikuwa yake. Karisa alikuwa akiendesha magoti yametoka nje, kama mtu aliyekalia mbuzi ya kukunia nazi. Tulimcheka. Lakini mwenye kumwona akipanda kilima cha Sabaki na mama mnene nyuma hakumcheka tena.

Baba alikuwa ameagizwa kutangaza siku na njia ya mashindano, basi. Wazee walikuwa hawajakaa. Tulipofika kona ya kwanza akatangaza siku, akatangaza njia, kisha akanikonyeza, akaongeza: "Na mmaliziaji wetu, radi ya Shela, Mbarak!" Watu wakapiga makofi. Kona ya pili radi ikawa haina mfano pwani nzima. Kufika sokoni, Mbarak alikuwa ameshawashinda watu ambao hajawahi kuonana nao. Mimi nilikuwa nikipandisha kitufe kila jina lake lilipotajwa, bila kuambiwa.

Mama alitusikia kutoka jikoni. Tuliporudi akamwambia Baba, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mume wangu."

"Nampa moyo tu, mtoto wa dada yangu," Baba akasema, akicheka. "Maneno hayana uzito."

Usiku uleule nyumba moja ikamwita Mbarak kula. Ya pili ikamwita kesho yake. Kwetu alikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, akajilamba vidole, na mimi nikammiminia maji ya kunawa kwa heshima zote. Wazee walipokaa barazani, mambo yalikuwa yameshakwisha. Nakumbuka harufu ya tangawizi kwenye kahawa na Mzee Bwanaheri akiugeuza geuza mkongojo wake.

"Mimi nilimtaka Karisa," alisema. "Nadhani wengi wenu pia. Lakini gari limeshasema, na kijana ameshalishwa. Leo tuwaambie watu nini? Kwamba gari limesema uongo?"

Wote wakamtazama Baba. Baba akatazama ndani ya kikombe chake, na wala hakikuwa na kitu. Karisa alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yake ya watu. "Nitakinga upepo, wazee wangu," alisema. "Hakuna neno." Mimi, hasidi wa haki nisiyejijua, nilifurahi.

Siku yenyewe tulilisimamisha gari mahali pa kumalizia. Mji mzima ulikuwa kandokando ya barabara, mihogo ya kukaanga ikiuzwa, watoto wamepanda kuta. Walipochomoza kule mbali walikuwa vidoa tu kwenye mvuke wa lami. Baba alitakiwa angoje wakaribie. Hakungoja. "Yuwaja!" akapaza sauti. "Radi yuwaja! Sasa, Mbarak, sasa!" Nami nikazungusha kitufe mpaka kikakataa.

Kusi ni upepo mwaminifu, huchukua unachoupa. Ukaichukua sauti ya Baba, ukampelekea Mbarak kule kule alikokuwa. Na Mbarak, ambaye wiki nzima alilishwa kwa sauti ile, akaitii. Akasimama juu ya pedali, akachomoka nyuma ya wenzake, peke yake, upepo wote ukawa wake. Kwa muda mfupi alikuwa mzuri sana. Halafu miguu ikaanza kumwisha. Ikawa kama anasukuma mkokoteni mchangani, na mwisho bado uko mbali. Kijana wa Mambrui akampita, kisha mwingine, kisha wa Maweni.

Nyuma yake tu, gurudumu kwa gurudumu, Karisa alikuwa ameshamfikia. Alikuwa amekinga upepo tangu Gongoni, na bado pumzi zake zilikuwa pumzi za mtu anayekwenda dukani. Sote tulimwona akishika breki. Alishika, akaachia, akashika tena, ili asimpite mmaliziaji wake. Baiskeli mpya ilikuwa pale mbele, imefungwa utepe mwekundu, naye akashika breki mpaka wakamaliza. Hakuna aliyezomea. Baba alikuwa amesahau kuzima maikrofoni, na kilichosikika barabara nzima ni yeye akihema.

Kuzomewa kulikuja kesho yake, na kulinijia mimi. Chuoni tulikosoma Kurani, nikitoka kwenda msalani, wenzangu walisema, "Radi yuwaja!" Mwalimu mwenyewe alificha kicheko kwa kikohozi. Nilimwonea Baba haya hadi nikakataa kumpelekea chai. Nilitamani angekuwa kinyozi, au mtu yeyote mwenye kazi ya kimya.

Jioni hiyo, kumbe hajamaliza kuniaibisha. Alitia petroli gari lake, hakuna aliyemwajiri, akaniambia, "Twende." Nikamwambia tumbo laniuma. Akasimama mlangoni akanisubiri, na tumbo likakosa la kufanya likapona. Nilipoingia garini sikukaa kitini. Nilijikunja chini, kichwa karibu na miguu ya Baba, mkono tu ukifika kwenye kitufe.

Fuu, fuu. "Tangazo," akasema, kwa sauti ileile ya misiba. "Mimi Athmani, mwenye gari hili. Nilisema mmaliziaji ameteuliwa, na alikuwa hajateuliwa. Nilimpenda mpwa wangu, nikamsemea kwa sauti mliyoniamini. Haki ilikuwa ya Karisa. Naomba radhi kwake, na kwenu."

Nikaanza kukishusha kitufe, kidogo kidogo, nikidhani haoni. Hakunitazama. "Pandisha, mwanangu," alisema. "Jana ilikuwa juu."

Nikapandisha, huku nalia. Tulipita kila kona tuliyopita na uongo, na katika kila kona niliyasikia makaratasi ya mihogo yakinyamaza. Kituoni kwa wabeba abiria Baba alizima injini, akashuka, akayarudia yaleyale kwa mdomo mtupu. Nilisikia kengele ya baiskeli, kisha sauti ya Karisa karibu kabisa na dirisha.

"Baba, yamepita. Nimekusikia toka ulipoanzia." Kisha akasema, taratibu, "Lakini mwambie mtoto ainuke. Ataumwa na shingo."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mimi sikuinuka. Aibu niliyoipata pale haikuwa na mfano, na kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba ndiye aliyenipa.

Sasa gari halipo tena. Baba ni mzee, koo limeingia mchanga, na mtaa mzima wapata habari kwenye simu. Mwezi uliopita nilikuwa nimekwenda Malindi kumwona, tumekaa twala embe, mara ujumbe ukaenea kwamba Mzee Bwanaheri amefariki. Ulikuja na picha, ulikuja na aya, ulikuja na saa ya mazishi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwatumia wengine. Ndipo simu ya Baba ikalia. Alikuwa Karisa, siku hizi yuko Marereni na watoto wake wakubwa. Baba huweka simu kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio, kwa hiyo nilimsikia vizuri.

"Shikamoo, Baba. Kuna habari ya Mzee Bwanaheri hapa kwenye simu," alisema. "Gari lasemaje?"

Kati ya watu wote, yeye, aliyeshika breki kwa ajili ya neno la uongo la gari lile, ndiye aliyekuwa hawezi kuvaa kanzu mpaka gari liseme. Nilielewa hapo alichokuwa akikitengeneza Baba siku ile akizunguka mitaani bila ya kuajiriwa, na mimi nimejikunja chini ya miguu yake nikikishusha kitufe. Nikaona haya, haya ya kweli sasa, na haikuwa ya kumwonea yeye.

"Marahaba. Gari bado halijasema," Baba alijibu kwa sauti yake iliyokwaruza. "Ngoja nikatazame kwa macho yangu." Akatafuta bakora yake, akatafuta viatu. Ni mitaa mitatu mpaka kwa Mzee Bwanaheri, na jua lilikuwa kali.

Niliufuta ule ujumbe. Kisha nikainuka, safari hii bila ya kuambiwa na mtu, nikamshika mkono, tukaenda kutazama.