Miezi Minne Bila Chumvi

Kosa langu lilianzia kwenye jarida la kidaktari ambalo mganga mmoja mgeni aliliacha kabatini aliporudi kwao. Nilikuwa naosha chupa katika maabara ya hospitali mjini Singida. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha kwa kamusi isiyo na jalada. Kila nilichosoma nilikinakili kwenye daftari, na ukurasa wenye kosa hata moja niliuchana nikaanza upya.

Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka kumi na sita, aliishi na mama kule Mtinko, katika kijiji cha ujamaa tulikohamishiwa. Tangu utoto alipungukiwa damu. Macho yake yalikuwa ya manjano, viungo vilimuuma, na balozi wa nyumba kumi alikwisha kumwondoa kwenye zamu za shamba la kijiji. Hospitali waliniambia tu kwamba chembe zake nyekundu za damu zinavunjika kabla ya wakati. Mimi nilitaka kujua kwa nini.

Jarida lilieleza kwamba chembe nyekundu ina utando, na katika utando huo zimejipachika protini. Vimeng'enya vinavyovunja sukari ili chembe ipate nguvu havielei tu humo ndani. Baadhi yake huzing'ang'ania protini hizo, kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe. Watafiti waliposuuza tando kwa maji yenye chumvi kidogo, vimeng'enya vilibaki. Walipozidisha chumvi, viliachia.

Sentensi hiyo niliisoma mpaka nikaikariri. Kisha nikajipa jibu ambalo halikuandikwa popote: chumvi ndiyo inayommaliza mdogo wangu.

Jumamosi nilipanda lori kwenda nyumbani. Nilipomaliza kumwamkia mama, nikamwambia asitie tena chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Akauliza kama daktari ndiye aliyesema. Nikajibu kwamba imeandikwa. Haukuwa uongo mtupu, na kwa hilo nilijisamehe.

Kwa miezi minne alikula mlenda usio na ladha. Kila nilipokwenda alinitania, lakini safari moja alisema bila kucheka sana, "Kaka, hata mbuzi wanapelekwa kulamba magadi. Mimi nimekukosea nini?"

Nilicheka mimi. Sikulegeza. Alikuwa amekonda, chakula anakisogeza pembeni, nami nikasema ni ugonjwa.

Hatimaye nilimweleza mzee aliyesimamia maabara yetu, nikitumaini, nakiri, kwamba atanisifu. Aliniuliza zile tando zilitoka wapi. Zilitoka kwenye chembe zilizokwisha kupasuliwa kwa maji na kumwagwa vilivyomo, zikasuuzwa ndani ya chupa. Hayo nilikuwa nimeyanakili kwa mwandiko mzuri bila kujiuliza yanamhusu vipi mtu aliye hai. Akanieleza kwamba mwili hujipimia chumvi ya damu wenyewe, na ya kwenye mboga haiendi kuvibandua vimeng'enya.

"Ukisoma kwamba sabuni inatoa doa," akasema, "utamlisha mtoto sabuni?"

Ilikuwa Jumatatu. Lori la Mtinko liliondoka kila asubuhi, na dereva alikubali kubeba barua. Nikakaa kuandika. Nilitaka nieleze utando, protini na mahali hasa nilipokosea, wasije wakaniona mjinga. Barua ya kwanza ilikuwa na maneno niliyoyafuta. Ya pili ilikuwa ndefu mno. Ya tatu ilinifanya nionekane najitetea. Alhamisi nilikuwa kwenye ya sita.

Ijumaa dereva yuleyule akaniletea habari kwamba mdogo wangu amefariki alfajiri.

Mzee wa maabara aliniambia chumvi isingemponya. Namwamini. Lakini angekula siku zile tatu za mwisho akisikia ladha, na angejua kwamba kaka yake amekubali kosa.

Baada ya mazishi nilimweleza mama kila kitu, pamoja na barua sita. Nilimwambia pia kwamba nilitaka barua iwe safi, kwa kuwa nilijua jirani ndiye atakayemsomea. Sikujua kwamba tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akihudhuria masomo ya watu wazima pale shuleni.

"Ungeandika 'mpe chumvi' tu," akasema. "Hayo ningeyasoma mwenyewe."

Kisha akainuka kwenda kuwapokea waliokuja kutoa pole.