Kipande cha Antena cha Orval Stuckey

Juu ya mlango wa banda lake la bati Orval Stuckey alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: ANTENA HUPIMWA NJE, MILANGO YA LORI IMEFUNGWA. Madereva waliosimama kwenye kituo kile cha mafuta, kando ya barabara kuu namba themanini huko Wyoming, Marekani, waliicheka sheria hiyo. Upepo wa pale hauna adabu, unaweza kumpokonya mtu mlango wa lori mkononi. Lakini Orval, fundi wa redio za malori, mzee wa miaka sitini na mmoja, alitoka na mita yake ya kupimia antena hata theluji ikimchapa usoni, akasimama kwenye uwanja mtupu, mbali na kila chuma, akausoma mshale.

"Orval, ingia ndani ufanye kazi kama binadamu," Hobart alimwambia alasiri moja ya Februari 1991. Hobart alikuwa msafirisha ng'ombe, na kahawa ya bure ilikuwa haimtoki mkononi. "Au una mchumba huko nje?"

"Bati linaidanganya mita."

"Na baridi itakuzika."

"Basi inizike nje."

Hobart alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hakujua kwamba fundi yule alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi, lakini sheria ile ilikuwa na miaka saba tu. Wala hakujua kilichomo kwenye kopo la tumbaku lililokaa rafuni karibu na redio: kipande cha fimbo ya chuma, urefu wa kidole gumba.

Kipande hicho kilikatwa Januari 1984. Leland Pruett wa Nebraska, ambaye hewani alijiita Jogoo Mwekundu, alikuja na antena mpya akitaka irekebishwe ili sauti yake ifike mbali. Upepo ulikuwa unavuma vibaya, na bakuli la maharage na nyama la Orval lilikuwa linapoa kwenye mkahawa. Akamwambia Leland aingize pua ya lori bandani. Antena ikasimama shubiri moja tu kutoka ukuta wa bati. Mita ikasema fimbo ni ndefu mno. Orval alijua kabisa kwamba ukuta wa chuma ulio karibu hivyo huifanya mita iseme uongo. Alijua, na bado akachukua koleo akakata. Mshale ukashuka ukatulia mahali pazuri.

"Sasa nitasikika mpaka Rawlins?" Leland aliuliza.

"Utasikika mpaka mbinguni, bwana."

Wakacheka wote wawili. Orval akaenda kula.

Saa mbili baadaye lori la Leland liliteleza kwenye barafu karibu na jiwe la maili 255, likaangukia korongoni, mguu wa Leland ukabanwa. Polisi walikuwa wamekwisha kuifunga barabara nyuma yake kwa sababu ya theluji, kwa hiyo hakuna gari lililopita. Kutoka pale mpaka banda la Orval ni maili kumi na mbili, na antena iliyopimwa vizuri ingefika bila shida. Ile yake ilikuwa fupi mno, na nguvu iliyopaswa kwenda hewani ilikuwa inarudi kwenye redio. Orval alisikia mkwaruzo na vipande vya maneno: "...Orval... unanipata..." Alidhani ni dereva wa mbali anayetaka kupiga soga. Akapunguza sauti ya redio. Leland alipatikana kesho yake, amekwisha kuganda.

Mabaki ya lori yalipovutwa kituoni, Orval alisubiri watu waondoke, akaipima ile antena huko nje. Mshale ulikwenda moja kwa moja kwenye sehemu nyekundu, ya kipimo kibaya. Hakumwambia mtu. Kukosea kipimo kunaweza kumpata fundi yeyote. Yeye alijua kabla ya kukata, akanyamaza baada ya kukata, na kwa hayo mawili hakuwa na mtu wa kumsingizia.

Tangu hapo, kila alasiri yenye upepo, redio ya bandani ilipumua. Ilikuwa kama mtu amebonyeza kitufe cha kusemea na hasemi. Kisha, kutoka ndani kabisa ya mkwaruzo: "Orval, unanipata?" Wengine bandani waliendelea kunywa kahawa kana kwamba redio haikusema kitu. Orval hakujibu hata mara moja.

Alasiri ile ya 1991 Hobart alikuwa bado anapangusa kahawa kifuani pale lori la kijani liliposimama nje. Akashuka mwanamke wa miaka kama ishirini na tisa, nywele nyekundu zimebanwa chini ya kofia.

"Wewe ndiye Bwana Stuckey? Mimi Twyla Pruett. Antena yangu haina maana. Maili nne, tano, sisikiki tena. Nimebadilisha kebo, nimebadilisha redio, wapi!"

"Badilisha dereva," Hobart alidakia.

"Nitaanza na wewe, babu, ukimaliza kunyonya shati lako."

Orval hakucheka. Alikuwa ametoka nje, akitazama shina la antena. Alama ndogo iliyokwaruzwa kwa tupa ilikuwepo, alama aliyoiweka kwenye kila antena iliyopita mikononi mwake.

"Ilikuwa ya baba," Twyla alisema. "Mama anataka niitupe, lakini siwezi. Siku ile alimpigia mama simu kutoka hapa. Akasema amepata fundi mzuri."

Dawa ilikuwa rahisi. Angelegeza skrubu, aivute fimbo juu kwa urefu wa kidole gumba, apime, na binti angeondoka akishukuru. Hakuna ambaye angejua. Orval aliingia ndani kuchukua spana. Redio ikapumua.

Aliiacha spana. Akalichukua lile kopo, akamwekea Twyla kipande cha chuma kiganjani, akamweleza yote: bati, maharage, koleo, mkwaruzo. Hobart akaketi taratibu juu ya sanduku la betri.

"Ulimsikia?" Twyla aliuliza.

"Nilisikia sauti. Nikapunguza redio."

"Kwa miaka saba mama anajilaumu." Alikuwa anakitazama kile kipande, hamtazami Orval. "Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Alimwambia baba asichelewe keki. Tangu siku hiyo hajaoka keki tena. Na wewe ulikuwa na hiki kwenye kopo!"

"Ndiyo."

"Mpigie simu. Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."

Alipiga. Alisema yote tena, polepole, kwa mjane wa Leland huko Nebraska. Simu ilipokatika, Twyla alifunga zipu ya koti lake.

"Haya. Toka ukapime. Nje."

Akaegesha lori katikati ya uwanja, akafunga milango, akakaa ndani. Orval, vidole vimekufa ganzi, aliivuta fimbo, akakaza, akapima mara tatu. Binti akaondoka bila kuaga. Kile kipande aliondoka nacho.

Twyla aliita redioni kila maili. "Moja." "Nakupata." "Nne." "Nakupata." "Saba." Hobart alihesabu kwa midomo. Kwenye maili ya kumi na mbili hakutaja namba.

"Nipo kwenye jiwe la 255," Twyla alisema, sauti safi kama yuko mlangoni. "Unanipata?"

"Nakupata, Twyla. Nakupata wazi kabisa."

"Basi hata yeye ungempata."

Hewa ikakatika. Hobart alivaa kofia yake akatoka. Upepo ukalitikisa bati. Redio ikapumua tena, kitufe kimebonyezwa, na mkono wa Orval ukakifuata kipaza sauti.

"Leland," alisema. "Nakupata."

Hakujibiwa. Lakini upande wa pili kile kitufe hakikuachiliwa, na Orval alibaki amesimama, anasikiliza.