Boga Lililobaki

Awuor alijulikana mtaani Makongeni kwa mambo mawili, mdomo wake na maboga yake, na mdomo watu waliuvumilia kwa ajili ya maboga. Hayo maboga, au malenge kama yanavyoitwa mtaani, aliyalima kando ya reli tangu marehemu mumewe alipokuwa fundi wa mabehewa. Mbegu alipewa na mama mkwe wake huko Siaya, siku alipofunga safari ya kuja Nairobi. Yalikuwa makavu, matamu, yenye ganda la kijivu, na hukuyapata sokoni popote. Kila msimu aliweka mbegu kwenye mkebe pamoja na majivu, na kila Januari, wakati nyumba nyingi zinalalia chai ya rangi, kwake watu walikula wakashiba.

Nyuki walikaa kwenye dari la ukumbi wa mtaa, na hakuna aliyedhani wana kazi yoyote. Mafundi walipokuja kukarabati ukumbi waliwamwagia petroli. Awuor mwenyewe alifurahi, maana sasa kikundi cha akina mama kingekunywa soda humo bila kupunga leso kuwafukuza. Wachache waliosalia waliangamia shambani kwa Ndambuki, jirani yake, aliyenyunyizia sukuma wiki dawa asubuhi, saa ile ile maua yanapokuwa wazi. Awuor, aliyechoka kufagia nyuki waliokufa mlangoni kwake, alimfuata kumwomba apige dawa jioni, wakati nyuki wamelala.

"Jioni niko job, Mathe," Ndambuki alimjibu. "Na nikiacha, wadudu wanamaliza sukuma. Kwani hao nyuki ndio watanilipia watoto fees?"

Awuor aligeuka akarudi kwake bila kumtukana, na kwa Awuor hilo lilikuwa jambo geni.

Msimu uliofuata mimea ilitambaa vizuri, ikajaa maua. Maboga machanga yalichungulia, yakageuka manjano, yakaoza na kudondoka. Alitia mbolea, akalaumu udongo, akamlaumu hata mwenye kumuuzia mbolea. Ni Nabalayo, muuza matunda wa Gikomba, aliyemweleza kwamba wakulima wanaomletea tikiti wanalia kilio hicho hicho: maua tele, matunda haba, nyuki hawaonekani. Awuor alirudi nyumbani ameishiwa nguvu. Aliona aibu pia, alipoikumbuka ile soda.

Kwenye mkebe zilibaki mbegu chache, na zilikuwa zinazeeka. Huko Siaya siku hizi watu wanapanda za dukani. Zisipozaa safari hii, basi, urithi wa mama mkwe ungeishia mikononi mwake. Alizipanda zote, na maua yalipofunguka akawa nyuki yeye mwenyewe. Kila alfajiri alitoka na unyoya wa kuku, akachukua ule unga wa ua dume na kuupakaza kwenye ua jike, macho yenye mtoto wa jicho yakikosea ua hili na lile. Vijana wa relini walimcheka, wakamuuliza kama anayapaka maua rangi ya kucha. Boga moja tu lilishika. Likanenepa. Alilitandikia nyasi kavu, akangoja ganda liwe gumu na kikonyo kikauke, maana kabla ya hapo mbegu hazijajaa.

Kabla halijakomaa, kifua kikamlaza. Nyawira, mke wa mwanawe Okinyi, alikuja kumuuguza. Alikuwa mkwe mwema, na hilo nalisema mimi kwa sababu Awuor hakuwahi kulisema. Alifua, akapiga deki, akaenda kulitazama shamba. Jioni alimletea sahani ya boga lililopondwa kwa maziwa.

Awuor alikula kidogo kabla ya kuuliza limetoka wapi.

"Ni ile yako ya relini, Mama. Nimepata zingine zote zimeoza, nikaogopa hata hiyo itaoza ukiwa kitandani. Nikasema heri ukule ikiwa bado nzuri."

"Na mbegu, nyar Nyeri?" Ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Nyeri.

"Hazikuwa mbegu, Mama. Zilikuwa laini tu, ndani hakuna kitu. Nimetupa na maganda."

Awuor alitaka kufoka, na maneno yalikuwa tayari. Akamtazama yule binti aliyesimama na glasi ya maji mkononi, amechoka, anangoja kusifiwa. Akayameza yale maneno. Alichota kijiko kingine, na kingine, mpaka sahani ikabaki tupu, na Nyawira akafurahi kuona mgonjwa amepata hamu ya kula.