Vumilia anavyorudi nyumba kwa nyumba kusafisha jina la baba yake

Jua limeshapanda juu ya ua wa minyaa, na Vumilia Mihayo amepiga magoti nje ya boma la Mzee Luka, katika kijiji kimoja kisicho mbali na machimbo ya Bulyanhulu. Kichwa amekiinamisha. Mikono ameikutanisha mbele yake.

“Mwangaluka!” anasalimia kwa Kisukuma.

Ndani kuna watu. Moshi unafuka jikoni na kikohozi cha mzee kinasikika wazi kabisa. Lakini salamu hairudi.

Vumilia hasimami. Begani ana mkoba wenye bisibisi, waya na betri ndogo za taa. Changarawe zinamchoma magotini, naye anatulia kama mtu aliyekaa kwenye mkeka. Anasalimia tena, kwa sauti ileile.

“Nimeshakuja hapa mara mbili, akaninyamazia,” anamnong’oneza mwandishi wa makala haya. “Sina ninachotaka kwake. Nataka aniitikie tu.”

Msichana huyu ana miaka 22. Alipomaliza kidato cha nne katika kijiji chao nje ya Ushirombo, alikaa nyumbani akisaidia kulima, hadi aliposikia kwamba kuna kampuni mjini Kahama inatafuta vijana. Ajira ya haraka, malazi bure, na baada ya muda mfupi kila kijana anakuwa bosi wa tawi lake.

Baba yake, Mihayo, alimsindikiza hadi stendi akiwa na furaha. Mtoto amepata kazi ya ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga. Wasichana walilala chumba kimoja sakafuni, wavulana chumba kingine. Siku ya kwanza walikabidhi vyeti vya shule na simu zao, wakaambiwa ni utaratibu. Asubuhi walisimama uani wakipiga makofi na kuimba kwamba wao ni matajiri. Kisha kila mmoja alibebeshwa begi la taa za sola na kupelekwa vijijini.

Taa moja iliuzwa Sh45,000. Muuzaji alihesabiwa Sh4,000, na humo humo alikatwa chakula, nauli na sare.

“Ukirudi na begi limejaa, hupewi chakula cha jioni,” anasema Nelly, aliyelala naye chumba kimoja. “Unasimamishwa mbele, wenzako wanaambiwa wakuzomee. Na wewe kesho yake unamzomea mwenzako. Ndiyo ilikuwa inaniuma zaidi.”

Walipewa pia majina ya kazi. Vumilia akawa Vanessa kutoka Dar es Salaam. Alifundishwa kusimama wima, kutabasamu, kusema “hongera mama, umechaguliwa”, na kutokaa chini hata akikaribishwa. Jina lake halisi hakutakiwa kulitaja kokote.

Hapo ndipo Vanessa aliposhindwa kazi. Kwenye boma la kwanza alikuta bibi akipepeta mahindi, na miguu yake ikamsaliti. Akajikuta amepiga magoti na kuamkia kama alivyolelewa. Bibi akaitikia, kisha akauliza kile ambacho kila mzee wa Kisukuma humuuliza mgeni: “Ng’wana nani?” Yaani, wewe ni mtoto wa nani?

“Ningesemaje? Ng’wana Vanessa?” Vumilia anacheka hadi mkoba unamteleza begani. “Huwezi kumdanganya mtu mzima ukiwa umepiga magoti. Nikasema, ng’wana Mihayo, wa Ushirombo.”

Bibi akanunua. Na boma la pili wakanunua, na la tatu. Watu hawa hawakuwa wakinunua taa. Walikuwa wakimwamini Mihayo, mtu ambaye wengi wao hawajawahi kumwona, kwa sababu binti yake amejua kusalimia. Kampuni haikujua siri hiyo. Ilichojua ni kwamba Vanessa anarudi na begi tupu, basi ikamsimamisha mbele apigiwe makofi.

Taa hazikumaliza msimu wa mvua.

Kwa kawaida mnunuzi aliyetapeliwa na wauzaji wa namna hii hana pa kwenda. Hana risiti, namba ya simu haipatikani, na Vanessa wa Dar es Salaam hayupo duniani. Lakini hawa walikuwa na jina. Wakalipeleka mahali ambapo jina la mfugaji hutafutwa, kwenye mnada wa ng’ombe.

“Walikuwa wanakuja na taa mkononi wanaulizia Mihayo,” anasimulia baba yake, mwanamume mrefu mwenye maneno machache, akiwa ameegemea zizi lake. “Nifanye nini? Nijifiche nyuma ya ng’ombe?”

Hakujificha. Hakuuliza hata taa zenyewe ni za nini. Wengine aliwapa mbuzi, wengine kuku, na ulipofika msimu wa kulima akauza maksai mmoja kati ya wawili wanaovuta plau yake. Mwaka ule alilima kwa kuazima.

Halafu akaja Mzee Luka. Yeye hakutaka mbuzi wala kuku. Alisimama katikati ya mnada, watu wakisikia, akamuuliza: “Mihayo, wewe unazaa watoto au unazaa matapeli?”

Mihayo alifungua ng’ombe wake, akaondoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga mnadani. Mifugo yake huuzwa na jirani.

Kambini Kahama, Vumilia hakuwa na habari. Simu yake ilikuwa kabatini kwa bosi. Aliendelea kupiga magoti na kuuza, hadi siku moja alipofika kwa mama mmoja karibu na Isaka, akasalimia, akaulizwa ng’wana nani, akajibu.

Yule mama akaacha kazi aliyokuwa akiifanya. “Mihayo wa Ushirombo? Yule anayelipa watu taa?”

“Niliweka begi chini,” anasema Vumilia. “Nikamwomba maji. Alinipa, na ndiye aliyenieleza yote, hadi habari za maksai.”

Alirudi kambini kumweleza bosi. Bosi alicheka. Nani alikutuma utaje jina la baba yako? Makosa ni yako. Vumilia akadai cheti chake, akajibiwa kwamba hakitoki hadi amalize mkataba, mkataba ambao hakuwahi kuusoma. Akaondoka bila cheti, bila mshahara, na viatu vya plastiki mguuni.

Wengi wangeenda moja kwa moja nyumbani kulia, na nani angewalaumu? Vumilia alikwenda Isaka kumtafuta fundi.

Swaleh ana kibanda cha kutengeneza redio na simu, wateja wake wakiwa zaidi madereva wa malori. Anakumbuka binti aliyeweka taa mezani na kuuliza kwa nini zinakufa. “Nikaifungua. Ndani betri ya ovyo, waya umelehemewa kwa kugusishwa tu. Nikamwambia, binti, hii inatengenezeka. Akaniambia, nifundishe.”

Akafundishwa. Alilipa kwa kufagia kibanda na kuwapikia mafundi, hadi mkono wake ukazoea kulehemu. Kisha akaomba betri za zamani za kompyuta mpakato, ambazo ndani yake hupatikana betri ndogo ambazo bado ni nzima, akaanza safari.

Amerudi kwenye kila boma alilouza, kwa miguu pale ambapo bodaboda alishindwa kuilipa. Anapiga magoti, anasalimia, anajitaja, anaomba taa. Wapo waliomtukana kwanza, na wapo waliomfungulia mbwa. Alingoja mbwa wachoke, akasalimia upya. Mwandishi huyu amekutana na watu hodari wengi katika kazi hii, lakini mbele ya binti huyu kazi yake ilibaki kumbebea mkoba.

Njiani akikutana na vijana wenye mabegi ya mauzo huwasimamisha. Hawaambii waache kazi, maana anajua walikotoka. “Nawaambia, mkifika mlangoni semeni jina la baba. Ukiona linakushinda kutamka, basi hicho ulichobeba usikiuze.”

Nelly ni mmoja wa waliosikia maneno hayo. Aliondoka kambini kabla kampuni haijahama usiku mmoja na vyeti vyao. Ile nyumba sasa ni saluni. Vumilia ameshatoa taarifa polisi na anafuatilia apate uthibitisho wa matokeo yake, ili aombe nafasi chuo cha ufundi kusomea umeme. Wakati akisubiri, anataka kuweka meza ya kutengeneza taa mnadani, palepale baba yake alipoaibishwa, yenye kibao kilichoandikwa Vumilia Mihayo.

Lakini kwanza kuna mlango huu mmoja uliobaki.

“Mwangaluka!” anasalimia kwa mara nyingine.

Kikohozi kinakoma. Fimbo inagonga ardhi, taratibu, ikisogea. Mzee Luka anatokea kwenye mwanya wa ua, mfupi, kofia imemfunika hadi nyusi. Anayatazama yale magoti kwenye changarawe kwa muda mrefu.

“Ng’wana nani?” anauliza, ingawa anajua.

“Ng’wana Mihayo.”

Mzee anaingia ndani. Anarudi na taa yenye vumbi. “Hii ilizima kwenye msiba wa mke wangu,” anasema. “Watu wamejaa, marehemu yupo ndani, tukabaki gizani. Nikaazima koroboi kwa jirani.”

Vumilia anainua uso. Betri na bisibisi vimesahaulika mkobani. “Pole, baba,” anasema, na machozi yanamtoka. “Pole sana. Sikujua.”

Mzee anampa taa. Vumilia anaifungua palepale chini, anachomoa betri mbovu, anaweka nzima, anaunga waya. Inapowaka, mwanga wake hauonekani vizuri juani, kwa hiyo mzee anaichukua na kuingia nayo chumbani kuhakikisha. Anakaa humo kitambo. Anapotoka, kofia ameivua.

“Mwangaluka, mayu,” anasema, akimwita mama.

Kisha anaongeza: “Jumatano mwambie baba yako aje mnadani. Nitamwamkia mimi kwanza, mbele ya walewale.”

Vumilia anasogea kando ya njia, anapiga simu Ushirombo na kuanza kueleza habari za betri na waya. Baba yake anamkatiza. Anauliza kitu kimoja tu.

“Ameitikia?”

“Ameitikia, baba.”