Mtambo wa Kaka wa Kukaushia Pareto

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Ilomba, Mbeya. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma, na kwa kazi hiyo alinisomesha mimi, mdogo wake wa pekee, baada ya baba yetu kufariki. Nilisoma mpaka nikapata cheti cha uhazili na kazi katika ofisi moja mjini Iringa. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Nayasema haya mapema kwa sababu yaliyotupata baadaye yalianzia hapo: wote wawili tuliamini kwamba mtu wa karatasi anajua zaidi kuliko mtu wa nyundo.

Mama mkwe wake alilima pareto Umalila, kule milimani ambako jua huweza kupotea wiki nzima. Maua ya pareto yasipokauka upesi huvunda, na yakivunda hakuna anayeyanunua. Msimu mmoja kaka alikwenda kumsalimia, akamkuta akimwaga maua shimoni, gunia baada ya gunia. Mama yule hakulalamika. Alimkaribisha ndani, akampikia. Kaka aliniambia kwamba chakula kile kilimshinda kumeza.

Aliporudi Ilomba akaanza kukata mabati. Ilimchukua miezi kadhaa, katikati ya kazi za wateja, kumaliza sanduku refu kumzidi mtu, lenye trei za wavu ndani yake. Chini palikuwa na jiko la kuchomea magunzi ya mahindi, na bomba lililopitisha moshi nje bila kuligusa ua hata moja. Hewa ya moto ilisukumwa na feni iliyozungushwa kwa pedali za baiskeli kuukuu. Kipimajoto hakikuwepo. Kaka aliweka kiganja kwenye bati la ubavuni, akahesabu kimoyomoyo, kisha akaongeza au akapunguza magunzi.

Nilikwenda naye Umalila siku alipoupeleka mtambo huo. Wanawake wa kijiji walipokezana kwenye pedali huku wakipiga soga, na kufikia jioni maua yalitoka makavu, bado meupe, yakichakarika mkononi. Mama mkwe aliyachota, akayanusa, akamwambia kaka kwa Kimalila maneno ambayo wifi yangu alinitafsiria: "Mwanangu, sasa umenioa na mimi pia." Tulicheka sana. Msimu ule mzima hakuna gunia lililotupwa.

Mwaka uliofuata, ofisini kwetu Iringa, niliona tangazo limebandikwa ukutani. Mradi mmoja ulikuwa unatoa ruzuku kwa wenye viwanda vidogo waliobuni teknolojia mpya, ili waiendeleze na kuiingiza sokoni. Nilisoma lile tangazo mara tatu. Niliona akilini karakana ya kaka ikiwa imeezekwa yote na mafundi sita, na mitambo yake katika kila kijiji cha pareto. Nilimpigia simu. Alisema yeye hajui kuandika mambo ya namna hiyo. Nikamwambia mimi ninajua.

Nikaandika andiko la kuomba ruzuku, nikalituma. Waombaji tuliovuka hatua ya kwanza tuliitwa kwenye semina ya siku mbili hapo hapo Iringa. Mshauri aliyepewa kuyapitia maandiko yetu alikuwa kijana mpole, mwenye nia njema. Sina ubaya wa kumsema. Alilisoma andiko langu mpaka mwisho, akaniuliza teknolojia iko wapi. Nikamweleza jiko, bomba, feni. Akasema majaji wakiona baiskeli hawatafika ukurasa wa pili. Akanishauri niweke feni ya umeme, sensa ya kupimia joto, na kifaa cha kuufanya mtambo ujiwashe na kujizima wenyewe.

Nikaweka. Sikumpigia kaka kumuuliza. Nilijiambia ni maneno tu ya kutufungulia mlango, tukishaingia tutafanya tunavyojua.

Jumapili iliyofuata nilipanda basi kwenda Mbeya ili kaka atie sahihi. Tulikaa barazani kwake baada ya chakula cha mchana, wifi akichambua mchele pembeni. Andiko lilikuwa la Kiingereza, kwa hiyo nilimsomea nikitafsiri, ukurasa kwa ukurasa. Nilimsomea habari za Umalila, za mama mkwe, za maua yaliyovunda. Nilipofika kwenye maelezo ya mtambo niliyaruka. Kaka alisikiliza ameinamisha kichwa, akaomba kalamu, akaandika jina lake polepole kama mtu anayechora.

Tulishinda. Kaka aliletwa Iringa akiwa amevaa suti ya harusi yake, akapeana mikono na wakubwa, akapigwa picha. Mama yetu, ambaye alikuwa amerudi kuishi kwao jirani na Tosamaganga, alikuja akiwa na kanga mpya, akampigia vigelegele mpaka watu wakageuka. Baada ya hafla tuliingizwa kwenye chumba kidogo, na ofisa mmoja akatusomea mkataba kwa Kiswahili. Mtambo wenye feni ya umeme. Mtambo wenye sensa. Mtambo unaojiendesha. Nilikuwa nikitazama meza.

Tulipotoka nje kaka alisimama chini ya ukuta, suti yake ikimpwaya mabegani.

"Huo si mtambo wangu," alisema.

Nikamwambia tutatengeneza huu wanaoutaka, halafu wa kwake utafuata. Hakunikaripia. Alisema, "Nitautengeneza. Umeshaliandika jina langu," na tukaenda kumtafuta mama.

Alijitahidi kwa kweli. Alishinda sokoni Mwanjelwa akipita duka kwa duka kutafuta vifaa, akiuliza vijana wa redio na simu waya upi unakwenda wapi. Sensa za kwanza ziliungua. Za pili zilisoma joto lisilokuwepo. Alipokea kazi chache za mageti, kwa sababu mkataba ulimtaka amalize kwa tarehe fulani, na mimi nilikuwa nikimkumbusha tarehe hiyo kila wiki kutoka Iringa. Ripoti zote niliziandika mimi. Niliandika kwamba kazi inaendelea vizuri.

Karibu na mwisho, wavu wa aina ile aliyoitaka ulikosekana mjini. Akaenda Umalila, akamweleza mama mkwe, akaubomoa mtambo wa zamani ili atumie trei zake na bati la ubavuni. Wifi aliniambia kwamba mama yule alimsaidia kufungua nati.

Siku ya ukaguzi, pale Ilomba, umeme ulikuwepo na mtambo ulifanya kazi bila kasoro. Feni ilivuma, taa ndogo ya kijani ikawaka, wageni wakapiga makofi. Ukapakiwa kwenye gari kwenda Umalila. Kule umeme ulikuwa umefika lakini ulikuwa mdogo, ukija na kukatika. Feni iliposimama, joto lilijikusanya chini na kuyaunguza maua ya trei za chini, na yale ya juu yakabaki mabichi. Kaka alilala huko siku tisa akijaribu. Mvua nazo hazikukatika. Wanawake walisubiri kwa adabu, halafu mmoja mmoja wakaja kuchukua maua yao, wakamshukuru, wakaondoka.

Hakuna aliyemtukana. Nadhani angetukanwa ingemwia rahisi.

Aliporudi alikuwa anakohoa. Alikuwa akikohoa tangu zamani kwa ule moshi wa kuchomelea, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Alisema ataurudia ule mtambo wa kwanza mvua zikiisha. Lakini mvua zilipoisha alikuwa amekonda kiasi kwamba hakuweza kuinua grainda ya kukatia vyuma, na mama akasema aletwe kwake, atibiwe hospitali ya Tosamaganga ambako yeye anaweza kumpelekea uji kila asubuhi. Pale walimhudumia vizuri. Walituambia ukweli pia: mapafu yalikuwa yameharibika kwa miaka mingi.

Nilikwenda kumwona kila Jumamosi. Jumamosi moja mama alitoka kwenda kuchota maji ya moto, nikabaki naye peke yangu. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile barazani niliruka maelezo ya mtambo kwa makusudi.

"Nilijua," alisema. "Uligeuza kurasa mbili kwa pamoja."

Nikamuuliza mbona alitia sahihi.

Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kujibu. "Nilidhani hapo pana jambo la kisomi ambalo mimi siwezi kulielewa. Nikaona haya kukuuliza."

Mama akarudi na chupa ya maji ya moto. Kaka akamwomba amgeuze upande wa dirisha. Nilitaka kusema tena, lakini mama alikuwa ameanza kumpa habari za shamba, na yeye anamsikiliza, na sikuona pa kuingilia. Nilijiambia nitasema Jumamosi ijayo. Alifariki Jumatano.

Baada ya arobaini, wifi alinikabidhi daftari alilolikuta kwenye sanduku la zana. Nilidhani ndani yake nitakuta michoro. Yalikuwa majina ya wateja na vipimo vya madirisha yao. Mtambo wa kwanza hakuwahi kuuchora popote. Nilimtafuta fundi mwingine, mtu hodari, nikampeleka Umalila, mama mkwe akamweleza kwa mikono jinsi ulivyokuwa: jiko hapa, bomba likapinda hivi, feni kule. Fundi alijenga mara mbili. Mara zote moshi uliingia kwenye maua, yakatoka yananuka na yenye rangi ya chai. Alisema kuna mpindo mahali fulani ambao hauoni. Alipotaka kujenga mara ya tatu nilimwambia inatosha.

Mwisho wa yote ofisi ya mradi iliniandikia. Walikuwa wanafunga hesabu za awamu ile na walihitaji ripoti ya mwisho pamoja na hadithi fupi ya mafanikio, na waliambatanisha picha ya kaka akiwa na suti, wakiuliza kama tunaridhia itumike. Ripoti zilizotangulia niliziandika kwa saa moja. Hii ilinichukua wiki mbili. Niliandika kwa Kiswahili, bila kujali kama inaruhusiwa. Niliandika kwamba mbunifu amefariki. Kwamba alikuwa na mtambo uliofanya kazi kabla ya ruzuku. Kwamba ulibomolewa ili kutengeneza mwingine usiofaa kwa watu wale. Na kwamba aliyeandika maelezo ya mtambo wa pili si yeye, ni mimi, naye hakusomewa.

Nilimpelekea wifi nakala kabla ya kuituma. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa karakana, ambayo wakati huo alikuwa ameshaipangisha kwa mtu wa kuuza mbao. Aliikunja, akanirudishia.

"Itume," alisema. "Lakini kuhusu picha waambie hapana."

Niliwaandikia hivyo. Walijibu kwa heshima, wakatupa pole, wakasema ripoti imepokelewa.