Sungura wa Sweta la Dada

Sweta la marehemu dada yangu lilikuwa la kahawia, la mtumba, na binti yake alililalia tangu tuliporudi kutoka mazishini. Mimi ni mama yake mdogo, nikabaki naye hapa Tunduma. Viwiko vya sweta vilikuwa vimetoboka, nikaona bora nilifumue, nifume sungura, mtoto apate kitu cha kukumbatia. Sikumuuliza. Mtoto wa chekechea unamuuliza nini? Ndivyo nilivyojisemea, na hadi leo nikikumbuka uso unaniwaka.

Kufuma nilikuwa najifunza kwa fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima. Jumamosi tunakaa barazani kwake, malori yanayosubiri kuvuka mpaka yananguruma mbele yetu, nasi tunabishana juu ya vitanzi. Uzi tunaupata kwenye masweta ya mtumba: tunakata mishono, tunafumua. Uzi wa hivyo hujikunjakunja kama tambi, kwa hiyo unauloweka kwenye maji ya moto na sabuni, kisha unauanika umefungwa jiwe ili unyooke. Kola na mishono havifumuki. Hivyo tunavitupia kwenye kiroba cha wote, ndivyo tunavyojazia wanyama wetu.

Mimi ndiye niliyekuwa nachekwa pale. Sungura wangu wa kwanza alitoka na sikio moja kama kidole na jingine kama soksi. Basi safari hii nikakaza. Uzi wa dada niliufua nikausuuza mpaka maji yakatoka meupe. Sungura akatoka mzuri, wenzangu wakamsifu, nami kichwa kikanivimba.

Jioni nikampa mtoto. Akamnusa tumboni, akamnusa masikioni. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyorudisha sahani.

"Mama mdogo, sweta langu liko wapi?"

Harufu ya mama yake ndiyo aliyokuwa akiilalia, nami nilikuwa nimeifua kwa sabuni ya unga na juu yake nikajisifu. Niliona aibu mbele ya mtoto mdogo kuliko nilivyowahi kuona mbele ya mkubwa yeyote. Wiki nzima alilala kwa kulia, akiwa ameshika shuka.

Ndipo nikakumbuka kola. Kola haikufuliwa; niliitupia kirobani kule barazani.

Jumamosi nilifika barazani miguu mizito. Ilibidi niseme mbele ya wote kwa nini nataka kukipekua kiroba.

"Mwenyewe ulimuuliza?" fundi akaniuliza.

"Sikumuuliza, mama."

Wakakimwaga kiroba kwenye mkeka, wote wakainama kutafuta. Kola ya kahawia haikuwemo. Bibi mmoja anayevuka mpaka kutoka Nakonde kuja kufuma nasi akamtazama twiga wake, aliyekwisha kushonwa kwa ajili ya mjukuu, shingo imesimama wima.

"Iko humu," alisema. "Ndiyo niliyokazia shingo."

"Basi bibi, iache. Umeshamaliza kazi yako."

"Awe," akakataa kwa Kibemba, mkasi tayari uko mkononi.

Akakata mshono alioushona mwenyewe, akaivuta kola, na shingo ya twiga ikalala kifuani. Hakuna aliyecheka. Heri wangenicheka kama siku zote. Nilimfungua sungura nikaiweka kola tumboni, fundi akanishikia mshono nikashona.

Nyumbani mtoto alimnusa muda mrefu. Nilisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mwishowe akamlaza chini ya shavu lake, nikapumua.

"Mama mdogo," alisema bila kunitazama, "huyu usimfue."

"Sitamfua, mama."

Akafikiri kidogo. Kisha akamhamishia upande wa ukutani, mkono wangu usikofika.